Kuhesabu Nukta

Taa nimezima. Dundee yote ni mvua dirishani;
humu gizani, chini ya hadubini,
seli za maji ya uzazi zimewaka.
Nyekundu ndiyo kromosomu ya ishirini na moja.
Mbili. Mbili.
Nachambua kama mchele wa harusi,
mgongo ukiuma. Mama simjui:
namba tu, wiki kumi na sita, sindano ya juzi.

Tatu.
Labda moja imepasuka pande mbili, hutokea.
Inayofuata: tatu.
Tena tatu.

Eilidh anakaa kitini pangu, anahesabu upya,
haniulizi nimepata ngapi.
Chai imefanya utando.

Kesho daktari atapigia simu nyumba fulani.
Sasa hivi, huko, mtoto huenda amelala,
au ana kwikwi.