Risiti za Soksi

Wakili hakuwa na haraka. Lifti ilikuwa mbovu,
nilipanda ghorofa nne Mtaa wa Mfangano nikihema,
naye akanimiminia chai kwanza, akanikorogea sukari mwenyewe,
ndipo akasema: Marehemu mama yako, Ciarunji,
ameacha ploti Ngara. Vyumba kumi na viwili, vyote vina wapangaji.
Na akiba benki. Akaigeuza karatasi niisome.
Nikahesabu sufuri kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.

Mama?
Mama wa Gikomba, aliyefua soksi za mitumba usiku
akazipanga jozi jozi, na zilizokosa mwenza
akanivisha mimi niende nazo shule,
mguu huu wa kijani, huu wa michirizi?
Mama aliyekata mche wa sabuni kwa uzi
ili kipande kisizidi kipande?

Wiki haikuisha, undugu ukachipuka kama uyoga.
Baba wadogo wawili, ambao hata matangani sikuwaona,
walifika na kuku mmoja
wakauliza hati iko wapi
kabla kuku hajafunguliwa miguu.

Hati niliisoma jikoni, mlango nimeukomea.
Mmiliki wa kwanza: Erasto Wasuna.
Nikaisoma tena.
Maana mwanamume niliyempenda, mwaka wa pili sasa,
anayetengeneza saa kwenye kibanda pale Luthuli,
anayenipigia simu saa tatu usiku
kuniuliza tu nimekula nini,
ni Odera. Odera Wasuna.
Na Erasto ni babake, mzee aliyepooza ulimi tangu Pasaka.

Mwanamume hampi mwanamke ploti hivi hivi.
Watu husema hivyo, nami ni mtu, nikasema.
Nikasimama mbele ya kioo: pua hii ni ya nani?
Odera alipokuja nikamwekea kiti ng'ambo ya meza.
Tukala kama mashahidi wa kesi moja,
tukichunga vidole visigusane kwenye sahani ya sukuma.
Akaondoka, akasahau koti.
Sikulikumbatia.
Nililitazama hadi adhana ya alfajiri.

Kopo la kakao lilikuwa chini ya gunia la mkaa.
Ndani, risiti: mia moja tisini na tatu,
na nyuma ya kila moja, kwa penseli ya mama,
herufi zimeinama kama wachukuzi:
Soksi jozi mia.
Soksi jozi arobaini, mvua.
Soksi hakuna. Nimeuza mkufu.
Miaka kumi na sita na mwezi mmoja.
Alinunua yeye. Jina tu ndilo aliloazima,
la karani mmoja wa ofisi ya ardhi,
shemeji zake wasije wakanusa.

Chini kabisa, barua ambayo haikutumwa:
Erasto, deni la ploti nimelimaliza.
Wasikuambie watu kwamba ulinipa. Nililipa kwa soksi.
Kile kingine nilikupa bure,
wala usikirudishe.

Kumbe kilikuwapo kile kingine.

Nikakung'uta kopo. Ikadondoka tiketi ya basi,
Embu kuja Nairobi, mtu mzima mmoja na mtoto.
Nikaisoma tarehe mara tatu.
Mtoto huyo alikuwa na miaka minne,
anatembea, anaongea, babake amezikwa Runyenjes,
na pua yake tayari anayo.

Nilicheka peke yangu, nikalia kidogo,
nikamwachia kuku wa baba wadogo atoke uani.
Saa tatu usiku nikapiga simu mimi.
Umekula nini?
Odera hakujibu. Nilisikia saa zake nyuma yake,
zote zinagonga, hakuna mbili zinazopatana.
Mzee, nikamwuliza, anasikia bado?
Anasikia.
Basi njoo uchukue koti.
Tuna barua ya kumsomea.