Mshubiri Juu ya Paa

Syombua aliuleta kutoka Kitui, umefungwa gazeti,
mizizi mikavu kama nyuzi za gunia.
"Usiumwagilie wiki nzima," akasema,
"kwanza uache usahau ulikotoka."
Kwao ni kiluma. Mama Akeyo wa mlango wa pili
huuita ogaka; mwenye nyumba, akija kudai kodi,
husema thukurui, na kuomba jani moja
kwa ajili ya kuku wake wa Ruai.

Mimi nimeupanda kwenye ndoo ya rangi
juu ya paa, huku Pipeline, ambako jua
huwafikia wanaopanda ngazi tu.

Majani yake hayana kikonyo. Yamekumbatia shina,
moja ndani ya jingine, manene,
yana madoa kama uji uliorukia nguo,
na kingoni meno. Hayaumi sana, yanaonya.
Mchana hufunga vinywa vyake vyote;
hupumua usiku, sisi tukilala.
Maji yetu ni ya Jumatano, kwa foleni na mitungi.
Wenyewe una tangi lake ndani ya nyama.

Ukikata, kwanza hutoka utomvu wa manjano,
ule mchungu wa misemo.
Uache uchuruzike.
Ndipo umenye, ukute ute mwangavu, baridi,
usiojua lolote.

Ute niliupaka mkononi mafuta ya chapati yaliponirukia.
Ule wa manjano niliupaka kwenye chuchu
Mumo alipotimiza miaka miwili.
Alionja, akanitazama
kama mtu aliyekuta kufuli jipya mlangoni kwao.
Hakulia. Afadhali angelia.
Usiku, matiti yamekuwa mawe,
nikapanda paani tukakaa, mimi na mshubiri,
wawili tuliojaa.

Mjamzito asiunywe, alinionya Syombua.
Wala mtu asikudanganye kwamba unatibu kila kitu:
kaka yake aliunywa mwaka mzima kwa ajili ya sukari,
na sasa umeota kaburini kwake, umenawiri.

Juni hii umetoa mkuki wa maua mekundu,
na chozi mmoja, sijui kapenya vipi kwenye kamba za nguo,
ananing'inia, ananyonya.
Mumo ana miaka sita, meno mawili hana.
Anamtazama bila kupepesa.
"Mama, yeye hasikii uchungu?"

Nilikuwa na soksi zake mkononi, zinachuruzika.
Nikaanika moja.
Nyingine ilinitoka, ikaenda ghorofa sita chini.