Daraja la Kwanza

Onno alikuwa mwendesha daraja mjini kwetu,
kaskazini kabisa mwa Ujerumani, lile la kunyanyuka.
Miaka thelathini na mmoja alibonyeza kitufe kile kile,
malori yakasimama, meli za changarawe zikapita,
naye akarudi nyumbani ananukia grisi
na kunihadithia nani amempungia mkono, nani kamnyima.

Alifariki tarehe ishirini na tisa Desemba,
saa nane usiku. Hakukuwa na theluji, mvua tu.
Nilimshika kifundo cha mkono, nikamwambia:
nenda, Onno, usijitese.

Mwezi wa pili mshahara wangu wa kiwanda cha mikate ukapanda.
Nikadhani wamekosea. Wiebke wa uhasibu, mwenye kucha za kijani,
akasema hapana, Frauke, kodi imekuhamisha,
kutoka daraja la tano kwenda la tatu. Ni kwa sababu ya ujane.
Kufa kufaana, nikasema moyoni, kisha nikaona haya.
Pesa ile ilinunua matairi ya baridi
na jiwe la kaburi, la kijivu, lisilo na malaika.

Sikujua kwamba hazina nayo ina eda yake,
na haihesabu miezi wala machozi:
ni mwaka aliokufa, na mwaka unaofuata,
basi.
Januari ile nyingine hati ikaja: daraja la kwanza.
Usinipongeze. Huku kupanda ndiko kushuka.
Yuro mia mbili na kumi na nne kila mwezi, zimekwenda,
na zamu ni ile ile, na unga ni ule ule kwenye nyusi.

Bwana Eilers wa ofisi ya kodi alikuwa mpole,
na hilo ndilo lililoniudhi.
Alichora mstari, akautia alama mbili kwa penseli.
Hapa alifariki. Hapa mwaka unaisha.
"Angefariki tarehe mosi Januari..."
akakatiza, akaona sentensi yake inakoelekea.
Nikammalizia: "Ningepata mwaka mzima zaidi."
Akasema sheria haimlengi mtu.
Kweli. Mvua nayo haimlengi mtu.

Sasa redioni waziri mpya anasema madaraja haya yatafutwa,
la tatu, la tano, ili haki itendeke.
Dada yangu Antje anapiga meza: na iwe!
Huenda ni haki. Sijui. Bado nalipia matairi ya nyuma.

Saa kumi alfajiri navuka daraja la Onno kwenda kuoka.
Siku hizi linaendeshwa kwa kamera, kibanda kitupu.
Mara nyingine linanyanyuka nikiwa nimefika ukingoni;
nasimama na baiskeli, taa nyekundu usoni,
na gizani najikuta nahesabu:
ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja.
Siku tatu.
Nami ndiye niliyemwambia aende.