Kijiko cha Shaba

Kurambaza ni kutembea na njaa ya mwingine
hatua hamsini nyuma yako.
Hayo nilifunzwa na Nahodha Shebwana mwaka wa kwanza,
nilipokuwa bado natapika juu ya ndoana.

Asubuhi ile tulitoka Malindi na abiria mmoja,
Bi Marjatta, miaka sabini na kitu,
kofia ya marehemu mumewe imefungwa kidevuni
kwa kamba ya kiatu.
Tukashika kaskazini mpaka mdomo wa Sabaki,
pale maji mekundu yanapogoma kuchanganyika na ya buluu:
mstari kama pindo la leso,
huku chai ya maziwa, huku wino.
Samaki wakubwa hupenda pindo hilo.
"Rambaza ukingoni," husema nahodha,
"kama mdaiwa apitaye mbele ya duka.
Karibu, lakini si karibu sana."

Nikateremsha fimbo nne. Pweza wa plastiki, waridi na kijani,
ndoana nene kama kidole cha mtoto.
Ndipo bibi akafungua mkebe wa peremende
akatoa kijiko.
Hakikuzidi ukucha wa gumba,
shaba iliyochakaa, alama ya jino ubavuni.

"Kwetu ni ziwa," alisema, Kiswahili chake cha kitabuni.
"Kubwa, ng'ambo huioni.
Mimi napiga makasia, yeye anashika mshipi,
kijiko hiki nyuma yetu.
Miaka arobaini na moja.
Trauti wa huko ana upinde wa mvua mbavuni.
Hatukuzungumza. Samaki husikia."
Kisha: "Nifungie."

Nahodha akanitazama kupitia kioo. Nayajua macho yale:
mafuta lita sitini,
na hiki kijiko cha kunyweshea mtoto dawa.
Nikafunga. Fundo likateleza.
Uzi wake ulikuwa mwembamba kama unywele wa mvi
na vidole vyangu vimezoea waya.
Akaninyang'anya, akalilowesha fundo kwa mate,
akalikaza kwa meno yake mwenyewe.

Tukapita, tukageuka, tukapita.
Bara kulikuwa kumenyesha, mto umevimba.
Nikaona bua la hindi likielea, kisha ndala moja,
kisha udongo, udongo,
shamba la mtu nisiyemjua likienda baharini bila hati,
na sisi tunalilima kwa ndoana.

Nilimuuliza jina la ziwa. Akalitaja.
Refu, irabu tupu, likapita sikioni kama maji.
Najuta sikuliandika kiganjani.

Saa tano kasorobo fimbo ya tano ikainama.
Haikuwa kama kwa sulisuli, ambaye hubisha hodi kwa teke;
iliinama kama mtu anayeitikia salamu.
Nikapiga kelele. Injini ikashuka sauti.
Bi Marjatta hakuinuka.
Aliweka kidole kwenye uzi, akausikiliza,
kama daktari na mkono wa mgonjwa.
Mshipi, mshipa.

"Mdogo," alisema.
Kisha: "Hapana."
Uzi ukalegea.

Sehewa, labda. Labda mzia, yule mkata nyuzi.
Nikaanza kusema pole; nahodha naye kavua kofia,
jambo nisilowahi kuliona hata bandarini.
Yeye alikuwa anakunja uzi uliobaki,
akihesabu kwa lugha yake,
na alipomaliza akauliza kama bado kuna chai.

Kulikuwa na chai.
Tukanywa, na zile fimbo nne nyuma yetu
zikiendelea kuuliza.
Hakuna aliyezungumza mpaka gatini,
hata Shebwana, ambaye hunyamaza tu akiwa usingizini,
na huko pia hukoroma.

Siku hizi nikipasua samaki, hata wa kununua,
hupapasa tumbo kwa kidole kabla ya kulitupa.
Mke wangu Nyevu huuliza natafuta nini.
Kijiko, namwambia.
Hunipa cha jikoni.