Mtutu wa Bei Nafuu

Bastola ni ileile ya chama cha zabibu,
ufa wa mpini nimeufunga utepe.
Malogo kautoa mtutu wake mnene,
kapachika mwingine, mwembamba kama mluzi.
"Zile kubwa," anasema, "moja ni kilo ya sukari.
Mwaka mzima umekirushia kichuguu sukari."

Kweli. Na kichuguu hakikuumia.
Vumbi la Hombolo lilinuka baruti,
karatasi ya shabaha ikabaki nzima,
mhasibu akaandika: mlinzi, risasi kumi, sifuri.

Leo tumepanga vibuyu vitatu
juu ya ukuta wa tembe iliyobomoka.
Pa!
Mlio gani huu?
Kama ganda la mbaazi likipasuka juani.
Mbuzi wa kina Chedego hawakuinua hata kichwa.
Mkono wangu, hata hivyo, uliruka.

Malogo hakucheka. Aliichukua, akainama nayo,
akanirudishia. Nikalenga, nikavuta: tiki.
Tupu. Hakuiwekea kitu.
Na mkono ukaruka vilevile.

Nikaketi juu ya jiwe la kusagia.
Miaka sita nimekisingizia kishindo,
nimesingizia uzito, upepo wa Julai, bei;
kumbe hofu huitangulia risasi,
huamka kabla yangu, hunywa uji wangu.

Tulipiga mpaka kasha likawa jepesi.
Kibuyu kimoja kilipasuka. Kimoja.
Kesho narudi, kwa shilingi zangu mwenyewe.
Zile kubwa zikae kabatini kwa mhasibu,
na Mungu akipenda
zishike kutu humohumo.