Karani wa Mizani

Lubango hucheka kabla utani haujaisha.
Bosi Magesa akianza, "Siku moja huko Nansio…"
yeye keshashika mbavu,
machozi yanadondokea magunia ya dagaa.

Nilimwita chawa.
Si mbele yake. Nyumbani, nikipepeta mchele,
nikimsimulia mama mkwe: leo kamshikia mwavuli
na mvua ilikatika tangu saa nne.
Leo kasema shati la bosi lina rangi ya ziwa.
Ziwa lipi? Hili la Kirumba, lenye mafuta ya injini
na magugumaji yaliyoingia usiku bila kuitwa,
yakachanua zambarau, yakaziba mwalo?
Wahenga walisema kilemba cha ukoka.
Huku kwetu ukoka umeliwa na mbuzi;
tunavishana magugumaji.

Kazi yangu ni mizani.
Sangara akilala pale, sura yake hainihusu,
wala nani kamvua, wala anadaiwa na nani.
Mshale ukisimama, nasema. Kalamu inaandika.
Nilijivunia hilo, nikatembea nalo
kama mtu mwenye kanga mpya.

Jumatano bosi katoka Bugando.
Daktari kamwambia apunguze mwili, kila wiki alete kilo.
Basi akavua viatu,
akapanda palipokuwa na samaki,
soksi zikalowa.
"Umekwisha, bosi!" Lubango kapaza. "Umebaki mifupa!"
Bosi hakumtazama hata.
"Wewe Nyanzobe hujui uongo. Soma."

Mshale ulisema mia moja kumi na tisa.
Mkataba wangu unakwisha Ijumaa.
Pacha wangu wako nyumbani, wamerudishwa kwa ada,
wanachora nyangumi ukutani kwa mkaa,
nyangumi, hapa Igogo!
Nikasikia sauti, laini kama mnofu uliotolewa miiba,
ikisema:
"Mia moja na nne, bosi."

Akashuka akitabasamu, mwepesi kweli.
Ya Lubango yalikuwa pipi tu,
anamung'unya, anatema ganda.
Yangu aliyaandika kwenye kadi ya hospitali,
kwa wino, akapiga mstari chini.

Jioni Lubango akasogea kwenye benchi,
akapangusa magamba kwa kiganja,
akanitengea nafasi.
Hakucheka.
Mizani ilikuwa tupu
na mshale bado unatikisika.