Kastabani Nyuma ya Kioo

Nilimpelekea Lushinge vitu kwenye kopo la maziwa,
kibandani kwake Mlango Mmoja, nyuma ya wauza mitumba:
ufunguo usio na kufuli,
senti kumi yenye tundu,
jiwe la mizani, la shaba, la enzi za pamba,
na kastabani ya shangazi Mbuke,
vishimo vyake kama uso uliopona ndui.

Akavimwaga juu ya gazeti.
Akavipanga, akavipangua,
kidole kikiisukuma senti polepole
kama anacheza bao na mtu nisiyemwona.
"Gundi sitii," akasema.
"Gundi ni ndoa ya mkeka.
Siku ya kuachana, mmoja huondoka na ngozi ya mwenzake."

Akatoboa ubao, akafunga kila kitu kwa uzi,
fundo nyuma, mbele huoni kitu.
Fremu ya mninga, kina chake vidole viwili;
ndani akatandika gunia la pamba lililofuliwa likalegea.
"Vitu vidogo vipe nafasi vipumue.
Ukivibana, umefungua duka la spea."
Elfu thelathini na tano.
Nikamwomba apunguze.
Akapunguza vumbi, kwa kukifuta kioo.

Nyumba yetu ya Igogo imeegemea jabali;
ukuta wa sebule nusu tofali, nusu mwamba.
Msumari wa kwanza ulipinda.
Wa pili uliruka, ukatua kwenye bakuli la dagaa.
Wa tatu
mwamba uliutazama tu.
Hapo nikakumbuka nani mzee ndani ya chumba hiki,
na kwamba hajawahi kuomba fremu.
Nikahamia upande wa tofali.

Saa kumi mwanga wa ziwa hupanda hadi dirishani,
hugonga shaba kwanza, kisha senti,
kisha hupenya tunduni na kuacha punje ya kivuli
ambayo mwanangu huifuata kwa kidole juu ya kioo
akiuliza, hii ilinunua nini?
Namwambia, kiberiti. Au chumvi.
Sijui. Nambadilishia kila siku.

Mwezi wa sita shangazi akaja kutoka Magu
na kiroba cha michembe.
Hata maji hajanywa, akasimama mbele ya fremu,
mikono nyuma, kama asomaye tangazo.
"Nani kafa?"
"Hakuna, shangazi. Ni mapambo."
"Basi nipe kidole changu."

Nikafungua vibanio vinne, nikakata uzi.
Ikapita kifundo kwa taabu, ikakaa.
Akavuta pazia langu, pindo lililofumuka
tangu tuhamie, nililolipita kila asubuhi
nikienda kukifuta kioo,
na chumba kizima kikasikia:
tik, tik,
bati dogo likiisukuma sindano.
Ukutani wale watatu wamebaki
kama foleni ya hospitali, mwenzao kaitwa.

Alipoondoka aliiacha juu ya meza.
Nimeirudisha mahali pake, lakini kwa kitanzi:
vuta ncha moja, inashuka.

Kuhusu ufunguo, alisema akiwa tayari mlangoni,
kiatu kimoja mguuni,
si wa kwetu kabisa, wala hajapata kuuona.
Nami nimewaambia watu ni wa ghala la babu.
Nimeuacha hapo hapo.
Wageni wanaupenda kuliko vyote.